Mintarafu ya Hati ya Mafao kwa Kila Mtumishi

Kila mwisho wa mwezi mtumishi hupata hati ya mshahara, naye huisoma kutoka chini kwenda juu. Kwanza hutazama kilichobaki. Kisha, akiwa na moyo, hupanda kutazama kilichokatwa. Amekatwa mchango wa pensheni, amekatwa bima ya afya, amekatwa kodi, amekatwa deni la Bodi ya Mikopo ikiwa alisoma kwa mkopo, amekatwa na chama cha akiba, na mwisho amekatwa na yule aliyemkopesha fedha za mabati. Hati hiyo ni aminifu katika jambo moja tu: yamwambia yaliyoondoka. Haimwambii yaliyowekwa kwa jina lake, wala yanakaa wapi, wala yatarudi lini, wala nani atayapokea ikiwa yeye hayupo.

Sisi makarani ndio tunaotunza majalada ya watu. Kutwa twaandika tarehe za kuajiriwa, za kuthibitishwa kazini na za kupandishwa cheo. Twajua fulani amebakiwa na siku ngapi za likizo, na barua ya uhamisho ya fulani imefungwa katika folio ya ngapi. Lakini mtu akituuliza habari zetu wenyewe, yaani tumekwisha kuchangia miezi mingapi, na tukianguka leo wake zetu waende mlango upi, aghalabu twanyamaza. Wahenga walisema mganga hajigangi, nasi twaona neno hilo limetupata barabara.

Jambo hili twalileta mbele ya wanachama kwa sababu ya mwenzetu mmoja. Alistaafu akiwa na umri wa miaka 60, na kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa ametumika miaka 29 kamili. Tulimfanyia karamu, tukaagana naye, akapakia vyombo vyake. Alipopeleka makaratasi akaambiwa ya kuwa miezi 14 haionekani katika daftari la michango. Miezi hiyo ilikuwa ya zamani, alipohamishwa kutoka halmashauri moja kwenda wizarani. Siku zile, kabla ya mwaka 2018, watumishi wa halmashauri walikuwa na mfuko wao na watumishi wa wizara wao, na mtu akihama katikati ya mwaka michango yake iliweza kubaki njiani kama barua isiyo na stempu. Hati zake za mishahara zilionyesha kwamba alikatwa kila mwezi bila kukosa. Alikuwa amezihifadhi katika sanduku la mbao, lakini za mwaka ule ndizo mchwa walizozianza. Alizunguka miezi tisa. Mwajiri wake wa zamani, ambaye hatumtaji hapa, alimwambia mara tatu arudi wiki ijayo. Michango ilipatikana hatimaye, walakini nauli na nyumba za kulala wageni zilikwisha kula sehemu nzuri ya fedha alizokopa akingojea kiinua mgongo.

Tazameni, kosa lile lilikaa miaka 17 bila mtu yeyote kulijua. Kama mwenzetu angalionyeshwa mwaka uleule kwamba miezi kadhaa haijafika, ingetosha barua moja na karani mmoja mwenye bidii. Kilichomtesa si upotevu wa michango peke yake, bali kwamba hakuambiwa mpaka siku aliyokuwa hana tena ofisi, hana meza, wala hana mtu wa kumtuma masijala.

Kwa hiyo kamati ya chama imeazimia kutengeneza kielelezo cha hati ya mafao, na kuwaomba waajiri waitumie. Twakusudia karatasi moja, mara moja kwa mwaka, yenye jina la mtumishi mwenyewe na hesabu zake mwenyewe. Hatutaki waraka. Waraka upo tele. Hubandikwa ubaoni kati ya tangazo la mazishi na tangazo la mpira, na kila mtu hudhani umeandikwa kwa ajili ya jirani yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maandishi yanayoeleza malipo yake, na hayo ndiyo hati ya mshahara. Tunachokiomba ni ndugu wa hati hiyo.

Baadhi ya vijana wetu wamesema ya kwamba maneno haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi mwanachama aweza kuitazama michango yake kwa simu. Twakubali, na twawasihi wote wanaoweza waitazame leo hii. Lakini simu hujibu anayeuliza. Asiyejua kwamba kuna la kuuliza haimwambii kitu. Tena simu ina neno la siri, na mwenye neno hilo akifa huondoka nalo. Mjane hataikuta michango ya mumewe ndani ya simu iliyofungwa. Ataikuta katika bahasha iliyo chini ya nguo sandukuni, pamoja na vyeti vya ubatizo na hati ya kiwanja.

Sasa tuseme hati hiyo iweje, maana hapo ndipo penye kazi, na watu wengi hupaona pepesi.

Mtumishi wa umma nchini Tanzania huchangiwa asilimia 20 ya mshahara wake katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, uitwao kwa kifupi PSSSF, ulioanza kazi mwezi wa Agosti 2018 baada ya mifuko minne ya zamani kuunganishwa. Katika asilimia hizo, yeye hukatwa 5 na mwajiri hutoa 15. Basi mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000 huona shilingi 50,000 zikiondoka na huhuzunika. Lakini zile 150,000 za mwajiri hazipiti mkononi mwake, wala macho yake hayazisaki. Sehemu kubwa ya haki yake ndiyo asiyoiona. Mwajiri akichelewa kuzipeleka, hati ya mshahara haibadiliki hata nukta. Jambo la kwanza la hati ya mafao liwe hilo: fedha zimefika au hazijafika.

Tumelijadili sana jinsi ya kulionyesha. Wengine walitaka jumla ya fedha iandikwe kwa tarakimu kubwa juu ya karatasi. Tumelikataa shauri hilo. Jumla ya milioni kadhaa humfurahisha mtu au kumkasirisha, lakini haimwonyeshi pengo, maana hajui ilipasa kuwa ngapi. Tumeona afadhali kuchora miraba. Kila mwaka wa utumishi uwe mstari mmoja wenye miraba 12, Januari mpaka Desemba. Mwezi ambao mchango wote umefika, mraba utiwe wino. Mwezi ambao haukufika, uachwe mweupe. Aliyetumika miaka 30 atakuwa na miraba 360, nayo hutosha katika nusu ya ukurasa. Mraba mweupe katikati ya miraba myeusi huonekana kama jino lililong'oka. Hata mzazi asiyejua kusoma ataweka kidole pale na kuuliza, "Hapa pana nini?"

Wala mtu asidhani kwamba mraba mmoja si kitu. Pensheni yetu huhesabiwa kwa miezi. Miezi ya uchangiaji hugawanywa kwa 580, ikazidishwa kwa wastani wa mshahara wa mwaka, na kinachotoka ndicho pensheni ya mwaka mzima kabla ya kugawa mkupuo na malipo ya kila mwezi. Kwa mtu mwenye wastani wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi, miezi 14 kama ile ya mwenzetu, kwa kanuni ya mwaka 2022, ni karibu shilingi 1,195,000 katika mkupuo, na tena shilingi 16,000 na kitu kila mwezi mpaka kufa. Na liko jambo zito kuliko hilo. Mtu hupata pensheni ya uzee akiwa amechangia miezi 180 au zaidi. Aliyeajiriwa akiwa mtu mzima, akaonekana ana miezi 178, miraba miwili mieupe yaweza kumnyima pensheni ya maisha.

Baada ya miraba yaje makadirio, yaani mtumishi akistaafu kwa umri wa miaka 55 kwa hiari, au 60 kwa lazima, atapata nini. Hapa twaomba radhi kwa wasiopenda hesabu, lakini hatuna njia ya kuwakwepesha. Wote mwalikumbuka neno kikokotoo, na jinsi lilivyoingia katika vinywa vya watu mwishoni mwa mwaka 2018, kanuni mpya zilipopunguza mkupuo mpaka robo, na Rais Magufuli akaagiza zisimamishwe. Siku zile tulikaa kwenye mabenchi tukibishana kutwa nzima, kila mmoja akikadiria mali ya mwenzake, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na karatasi yenye hesabu yake mwenyewe.

Chukueni yuleyule mwenye wastani wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi na miezi 360. Kwa kanuni ya zamani ya mfuko wa watumishi wa wizara, iliyogawanya miezi kwa 540 na kutoa nusu kuwa mkupuo, angalipokea shilingi 62,000,000 kwa mara moja, na kila mwezi shilingi 333,000 na zaidi. Kwa kanuni iliyoanza mwezi wa Julai 2022, yenye mkupuo wa asilimia 33, hesabu ni karibu shilingi 30,724,000 kwa mara moja na karibu 415,800 kwa mwezi. Katika hotuba ya bajeti ya Juni 2024 ilitangazwa kwamba waliokuwa wakipata mkupuo wa nusu zamani watapandishwa mpaka asilimia 40. Kwa mtu wetu hiyo ni karibu shilingi 37,241,000, na kila mwezi karibu 372,400. Mkupuo ukipanda, malipo ya mwezi hushuka. Kwa nini watu wengi walifahamu nusu moja tu ya habari hiyo? Kwa sababu waliambiwa asilimia, wala hawakuambiwa shilingi. Asilimia ni ya watu wote; shilingi ni ya mtu mmoja. Hati ya mafao iandike shilingi, mkupuo na malipo ya mwezi yakikaa kando kwa kando, tena iseme wazi kwamba ni makadirio kwa mshahara wa leo na kanuni ya leo. Kanuni ikibadilika, mtumishi ataweka karatasi ya mwaka jana karibu na ya mwaka huu, naye ataona mwenyewe kilichoongezeka na kilichopungua, bila kungojea tafsiri ya mtu wa benchini.

Katika kamati ilitokea hofu ambayo twaiona ni ya haki. Mtu akipewa karatasi inayosema kwamba siku moja atapokea milioni 30, je, hataipeleka kwa mkopeshaji? Twawajua wakopeshaji hao, na mikopo yao watu wameipa jina la kausha damu. Tunao wenzetu ambao kadi zao za benki hazilali nyumbani. Hulala katika mkoba wa mtu mwingine, naye huenda mashineni siku ya mshahara kabla ya mwenye mshahara. Agizo la kumwachia mtumishi theluthi moja ya mshahara wake huzuia makato ya ofisini, lakini haliwezi kuzuia kadi iliyotolewa kwa mkono. Kwa ajili hiyo tumeamua makadirio yakae upande wa nyuma wa karatasi, kwa herufi za kawaida, na chini yake paandikwe kwamba hati hii si dhamana wala si ahadi ya malipo kwa mtu mwingine yeyote. Hatudai kwamba maneno hayo yatamzuia mwenye shida. Lakini kumficha mtu mali yake ili asiipoteze ni kumfanya mtoto, nasi twakataa kufanywa watoto.

Yako mambo mengine ambayo mtumishi hayajui kwa sababu hakatwi kitu kwa ajili yake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Mchango wake hutolewa na mwajiri peke yake. Kwa kuwa hauonekani katika makato, wengi hudhani haupo. Dereva wa ofisi akiumia mkono safarini, mhudumu akianguka ngazini, hukimbilia kadi ya bima ya afya na mchango wa marafiki, wala hapana anayejaza fomu ya ajali. Mstari mmoja katika hati watosha: ukiumia kazini au ukipata ugonjwa utokanao na kazi, toa habari mara moja kwa mwajiri, na fidia ipo. Likizo nayo ipate mstari wake, siku zilizobaki na nauli inayodaiwa. Hilo ni jepesi, maana kila Afisa Utumishi analo daftari lake.

Sehemu ya habari za mtu mwenyewe isifanywe kwa haraka. Huonekana ni kazi ya kunakili tu, kumbe ndimo yanamozaliwa mashaka mengi. Mtu aliitwa kwa jina la babu shuleni, kwa jina la ubatizo katika cheti cha kidato cha nne, na kwa majina matatu katika kitambulisho cha Taifa. Siku ya kustaafu huambiwa kwamba yeye ni watu wawili. Hati iandike majina kama yalivyo katika jalada, ili mwenye jina ayaone mapema na kwenda kuapa kiapo angali na nguvu za kutembea. Iandike tarehe ya kuzaliwa aliyoijaza alipoajiriwa, kwa kuwa ndiyo itakayomtoa kazini. Na iandike mahali alipoajiriwa. Wasomaji watacheka, lakini sheria ile ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri amrudishe mfanyakazi na vyombo vyake mahali alipoajiriwa, au amlipe gharama za kurudi, ikiwa kazi imekwishia mahali pengine. Aliyechukuliwa Songea akamalizia Bukoba ana safari ndefu ya kudai, na kama jalada lasema aliajiriwa Bukoba, kitanda na kabati zake atazisafirisha kwa fedha zake.

Twaja kwa wategemezi na warithi. Juzi ofisini kwetu tuliulizana, watu saba tuliokuwa tukingoja umeme urudi, kila mmoja alimwandika nani alipojaza fomu siku ya kwanza ya kazi. Watatu walimwandika mama. Katika mama hao, mmoja amekwisha kufariki. Mmoja wetu alimwandika mchumba ambaye siku hizi ni mke wa mtu mwingine huko Dodoma, na ana watoto wanne. Wawili hawakukumbuka. Wa saba alikumbuka barabara, naye alikuwa na haya kutuambia. Tulicheka sana, kisha tukanyamaza sana. Mtu huoa, huzaa, huachana, huzika, na fomu yake yabaki kijana wa miaka 24. Hati ya mafao iyarudishe majina hayo mbele ya macho yake kila mwaka, na chini yake pawe na nafasi ya kuandika badiliko, kutia sahihi na kuirudisha. Pasiwe na fomu nyingine ya kutafuta katika chumba kingine. Mjane akifika na cheti cha kifo mkononi, siyo wakati wa kumweleza kwamba jina lake halimo.

Hatubuni jambo geni. Huko Sweden, tangu mwaka 1999, watu wamekuwa wakiletewa kila mwaka bahasha ya rangi ya chungwa yenye hesabu zao za pensheni, na rangi hiyo imekuwa maarufu hata hapana asiyeijua. Twaupenda sana ujanja huo wa rangi. Bahasha ya kaki kati ya bahasha za kaki nani ataiona? Marekani walianza mwaka 1988 kumpa hesabu hizo anayeziomba, na mwaka 1999, kwa sheria iliyopiganiwa na Seneta Daniel Patrick Moynihan, zikaanza kupelekwa kwa kila mfanyakazi mwenye umri wa miaka 25 na zaidi. Lakini mwaka 2011 upelekaji huo ulisimamishwa kwa ajili ya kubana matumizi. Huko nako, fedha zilipopungua, karatasi ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kukatwa, nasi yafaa tulikumbuke hilo tutakapoambiwa kwamba stempu ni ghali.

Makampuni mengi ya Marekani hutoa pia hati ya namna nyingine, ambayo hujumlisha mshahara, bima, pensheni na kila posho, kisha huandika jumla kwa herufi nene, ili mfanyakazi aone jinsi anavyogharimiwa. Hatuwalaumu, lakini hatuitaki namna hiyo. Hati yetu haitungwi ili mtumishi ashukuru. Imetungwa ili aweze kusema, "Mwezi huu haupo."

Historia yetu wenyewe yatufundisha vilevile. Wazee waliounda chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa Serikali huko Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba akiwa kiongozi wao, na waliokuja baada yao, walidai mengi na kupata machache. Waliiona Tume ya Holmes, iliyofanya kazi yake mwaka 1947 na 1948, ikipendekeza Mwafrika alipwe tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu. Pensheni zilikuja, zikaendeshwa miaka mingi bila mtumishi wa Serikali kuchangia, hata sheria ya mwaka 1999 ilipoanzisha uchangiaji. Deni la miaka ya kabla ya hapo lilibaki likining'inia. Mwaka 2021 Serikali ilitoa hatifungani maalum ya shilingi trilioni 2.17 kwa Mfuko ili kulilipa. Hatuutaji mwaka huo kwa kulaumu, maana deni limekubaliwa na kuandikwa. Twautaja kwa sababu muda wote huo wenye haki, walimu na makarani na wauguzi, hawakuwa na karatasi inayomwambia kila mmoja miaka yake ya zamani imewekwa wapi.

Hati iandikwe kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha kufahamika. Tumeona taarifa zenye maneno ambayo hata mwandishi wake hakuyafahamu. Kila neno la hesabu lielezwe kwa sentensi moja palepale lilipo. Karatasi iwe nzito kidogo isikunjamane. Ifungwe katika bahasha na kupewa mwenyewe mkononi, isiachwe juu ya meza ya mhudumu wa chai. Mshahara wa mtu na majina ya watoto wake ni siri yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yamtaka kila mwenye kutunza habari hizo azitunze ipasavyo.

Najua wapo watakaosema, waajiri hawatakubali kuonyesha miraba mieupe, kwa kuwa kila mraba mweupe ni shtaka. Yamkini. Lakini wanachama wenyewe waweza kuanza. Hati za mishahara mnazo, na taarifa ya michango mwaweza kuipata kwa simu au kwa kufika ofisi ya Mfuko. Mwenye hizo mbili aweza kutia wino miraba yake mwenyewe kwa kalamu, jioni moja, mezani kwake. Sisi tulioandika makala haya tumefanya hivyo. Wawili kati yetu wamekuta miraba mieupe, mmoja miwili na mmoja mitano, na barua zao zimekwisha kupelekwa.

Kielelezo cha hati kimedurufiwa pamoja na toleo hili, upande mmoja una miraba na upande mmoja una makadirio na majina. Kila mwanachama akijaze, aje nacho katika mkutano wa tawi, na hati za mishahara za miezi asiyoiona aje nazo pia, nakala siyo asili. Mwandishi wa tawi atapokea majina ya wenye mapengo faraghani, ataandika hesabu ya miezi na majina ya waajiri wanaohusika, wala hatasoma mshahara wa mtu mbele ya mkutano. Orodha hiyo kamati itaipeleka kwa waajiri kwa barua moja. Wasioweza kufika watume kwa mkono wa mwenzao aliye mwaminifu, kabla ya tarehe 15 ya mwezi ujao. Na waliomwandika mama, au mchumba wa zamani, wasingoje mkutano. Fomu ya kubadilisha jina ipo kwa Afisa Utumishi, nayo haina malipo.